Mkwe wangu amelikata ua la marehemu mume wangu na kulitoa nje

Dada Mshauri,

Habari za kazi. Mimi ni mama wa miaka 63, mjane, naishi Pasiansi hapa Mwanza. Naomba jina langu lisitokee, maana wanangu wanasoma safu hii na ndugu wa marehemu mume wangu pia.

Marehemu alikuwa mtu wa pamba. Kwa miaka mingi alipima na kununua pamba kwenye vituo vya chama cha ushirika huko Kwimba na Magu. Alipostaafu, mapenzi yake yote akayahamishia kwenye uzio wa haibiskasi aliouotesha mwenyewe upande wa barabarani. Yalikuwa maua mekundu, yale ya kawaida yenye ulimi mrefu katikati. Kila mwaka kabla ya Krismasi alishika mkasi wake mkubwa na kuupunguza uzio mpaka ukabaki usawa wa kifua. Matawi aliyoyakata hakuyatupa. Aliyafunga mafungu na kumpa kila aliyepita akayasifia maua: majirani, walimu, watu wa jumuiya. Nilikuwa namwambia anagawa mali, naye anacheka.

Mwaka 2017 mwanangu wa pili alikwenda kusoma Finland, mji wa Tampere. Baba yake alimfungia vijiti vitatu vya uzio ule ndani ya gazeti lililoloweshwa maji. Kimoja kilishika. Kila walipopigiana simu, mzee alitaka kuonyeshwa mche wake kabla hajasalimiwa. Alifariki mwaka 2019, na mche ukabaki kwa mwanangu. Mwaka 2021 mwanangu alioa binti wa Bukoba, muuguzi, akaenda naye huko. Anafanya kazi za usiku kwenye nyumba ya kulelea wazee. Sina baya la zamani juu yake. Kila mwezi wa saba alikuwa akinitumia picha ya ua la kwanza, na mimi nikiipeleka kwenye kundi la familia.

Mwaka juzi shemeji yangu mkubwa aliamua kwamba upande ule wa barabara zijengwe fremu za maduka. Kikao cha ukoo kilikaa sebuleni kwangu, mimi nikiwa jikoni nawachemshia chai. Uzio uling'olewa kwa siku moja. Leo pale kuna saluni, duka la vifaa vya umeme na wakala wa kutoa na kuweka pesa. Kodi inasaidia, sisemi haisaidii. Nilinyamaza. Nilijiambia angalau mche wa mzee upo Tampere, maana ndio pekee uliobaki.

Sasa sikia. Mwezi wa kumi na moja nilipiga simu ya video nikaona majani yamegeuka manjano, mengine yako sakafuni. Nilisikitika, sikusema kitu. Mwezi wa pili nikaomba tena kuuona. Mkwe wangu akafungua mlango wa nyumba, akatoka nje kwenye ngazi za ghorofa, akaelekeza simu dirishani. Dada, niliona chungu na vijiti vitupu. Hakuna jani hata moja, na umekatwa nusu yake. Nikamwambia maneno haya: "Umemtoa baba mkwe wako nje ya nyumba, na shingo umemkata." Akanyamaza, simu ikakatika.

Jioni mwanangu akapiga kuniambia nimemuumiza mke wake vibaya. Tangu hapo simu zimekuwa za Jumapili tu, dakika chache, na mkwe hatokei. Binti yangu wa Arusha ameniambia ameona kwenye intaneti haibiskasi za Ulaya zinasimama nje kwenye theluji na kuchanua, kwa hiyo uliokufa ndani ya jengo umekufa kwa uzembe. Anashauri nimwambie mwanangu auchukue mche, kama bado una uhai, aupeleke Helsinki kwa binti wa dada yangu.

Jambo zito ni kwamba mkwe wangu ni mjamzito, anatarajia kujifungua mwishoni mwa mwezi wa sita, mjukuu wangu wa kwanza kwa mtoto wa kiume. Walishaahidi kunikatia tiketi niende nimhudumie uzazi. Mwanangu anauliza kama bado nakuja, nami sijamjibu. Moyoni nilishasema siendi. Mtu asiyejali mti wa mkwewe, mimi atanijali nikiwa ndani ya nyumba yake? Lakini usiku nawaza mtoto.

Nifanyeje?

Mama wa Pasiansi, Mwanza

*

Mama, shikamoo.

Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja. Pole kwa mzee, pole kwa uzio, na pole kwa usiku huo unaowaza mtoto.

Nikikuelewa vizuri, unaniuliza mambo matatu yaliyofungwa pamoja: kama mche uondolewe kwa mkwe wako, kama uende Tampere, na kama mwanamke yule anakuheshimu wewe na marehemu. Mawili ya kwanza umeyaegemeza kwenye la tatu, na la tatu umelijibu kwa kuangalia vijiti vitupu kwenye simu. Ndiyo maana naomba tuanze na vijiti.

Haibiskasi ya mume wako, ile nyekundu yenye ulimi mrefu, wataalamu huiita Hibiscus rosa-sinensis. Ni mmea wa nchi za joto. Aliyokuonyesha binti yako wa Arusha ni nyingine, Hibiscus syriacus, yenye asili ya Asia ya Mashariki. Hiyo hupukutisha majani yake yote wakati wa baridi, inavumilia theluji, na hupandwa nje kwenye bustani nyingi za Ulaya. Maua yake yanafanana sana na ya kwako kwenye picha, kwa hiyo simlaumu binti yako. Ila ukiiweka haibiskasi ya Pasiansi nje usiku mmoja wa baridi ya kugandisha maji, inaweza kufa. Hata pasipo kuganda, joto likishuka chini ya nyuzi 10 hivi huanza kuachia majani. Mzee angelijua hilo kwa haraka, kwa kuwa haibiskasi ni ukoo mmoja na pamba yake, na bamia na choya pia, na yote hiyo inataka jua.

Sasa fikiria mahali ulipo mche huo. Sisi hapa ziwani tuko karibu kabisa na mstari wa ikweta. Mwezi wowote jua linakaa juu saa 12 hivi, na mmea hauna sababu ya kupumzika. Tampere iko nyuzi 61 kaskazini. Nao wana maziwa kama sisi, ila ya kwao yanaganda mpaka watu wanatembea juu yake. Siku za katikati ya Disemba jua linaonekana kwa saa tano na kitu tu, tena chini kabisa ya anga. Nje nyuzi 20 chini ya sifuri si jambo la ajabu, huku ndani hita zikiwaka chini ya madirisha na hewa ikiwa kavu. Mmea wa joto ukiachwa sebuleni humo unapata shida ya pekee: joto linauambia ukue, mwanga hautoshi kuukuza. Unatoa vichipukizi virefu vilivyopauka, na utitiri unaoshamiri kwenye hewa kavu unajaa chini ya majani. Ukimwagiliwa kama ulivyozoea kuumwagilia uzio wako, mizizi inaoza. Majani ya manjano uliyoyaona mwezi wa kumi na moja ndiyo dalili ya kawaida ya mabadiliko hayo. Yanaupata hata mche uliotunzwa na mtu aliyesomea kazi hiyo.

Wanaoijua haibiskasi kwenye nchi za baridi hufanya nini? Wanautafutia mche mahali penye ubaridi wa wastani, nyuzi 12 mpaka 15 au zaidi kidogo, karibu na dirisha, wanapunguza maji mpaka udongo uwe na unyevu tu, na mbolea wanaacha. Mche unalala, na mara nyingi unabaki na majani machache au hauna kabisa. Kwenye jengo la ghorofa kule, mahali pa namna hiyo ni wapi? Vyumbani kuna joto, baraza inaganda. Mara nyingi panapobaki ni dirisha la ngazi, ambako joto huwa dogo kuliko vyumbani. Haibiskasi ni ua la ndani la siku nyingi kwa Wafini, na kuliona kwenye dirisha la ngazi si jambo la kumshangaza mtu wa huko.

Kisha, mwishoni mwa mwezi wa pili au mwezi wa tatu, mwanga unaporudi kwa kasi, wanaupogoa. Wanakata theluthi, wengine nusu, kwa sababu haibiskasi inatoa maua kwenye machipukizi mapya. Mti usiokatwa unarefuka na kuzaa maua machache kwenye ncha. Mama, hili hukulisoma kwangu kwanza. Umeliandika mwenyewe: kila mwaka kabla ya Krismasi mzee alishika mkasi na kuushusha uzio mpaka kifuani. Alichagua majira ya Mwanza, wakati kuna mvua ya kuuchipusha. Mwezi wa pili ni majira ya Tampere.

Sisemi kwamba mche uko salama. Inawezekana umekufa kweli, maana hata penye uangalizi mzuri mingine haivuki baridi. Kuna njia rahisi ya kujua: mtu akikwaruza ganda la kijiti kwa ukucha akakuta ukijani chini yake, kijiti kina uhai. Akikuta ukavu wa kahawia, ashuke chini zaidi, karibu na udongo, akwaruze tena. Na sasa tuko Aprili. Kama uhai upo, vichipukizi vinaweza kuwa vimeshaanza.

Lakini kuna jambo lililonigusa kuliko hayo yote. Mche huu umeishi nyuzi 61 kaskazini tangu 2017. Hauwezi kuishi huko kwa bahati. Kila mwaka kuna mtu anayeuhamishia kwenye ubaridi wa wastani, anauamsha, anasubiri mpaka Juni baridi ya usiku iishe ndipo autoe kwenye baraza. Anautoa kidogo kidogo, kwa sababu majani yaliyokaa ndani yanaungua yakipigwa jua la ghafla. Usiku ukianza tena kukaribia nyuzi 10 anaurudisha. Na ua la haibiskasi, unavyojua, linafunguka asubuhi na kwa kawaida kesho yake limeshafumba. Kwa hiyo mtu aliyekuwa akikutumia picha ya ua la kwanza kila mwezi wa saba alikuwa akilingoja. Umesema picha zilitoka kwa mkwe wako, na umesema anafanya kazi usiku. Alikuwa anarudi asubuhi amechoka, na kabla ya kulala anampigia picha mama mkwe. Huyo ndiye uliyemwita asiyejali?

Nakuuliza kwa upole, Mama, wala sikushitaki. Inawezekana yapo mengine kati yenu ambayo barua haikuyabeba. Inawezekana mwaka huu, akiwa na mimba na zamu za usiku, kweli aliuchoka mche, akaukata kwa hasira au akausahau ukakauka. Hayo yangekuwa mazungumzo mengine, tena ya huruma. Ninachokiona kwenye barua yako ni kwamba hakuna aliyemuuliza alifanya nini na kwa nini. Wewe ulisema, yeye akanyamaza, mwanao akaleta habari ya maumivu. Binti yako wa Arusha akaleta habari ya theluji. Mwenye kuujua mche ule kwa mikono yake hajafungua mdomo bado.

Naomba nikuulize na hili, na ukiona nimekosea uliweke pembeni. Uzio uling'olewa kwa siku moja, kwa uamuzi wa kikao kilichokaa sebuleni kwako, na wewe ukiwa jikoni unawachemshia chai wanaoamua. Miti ile aliotesha mume wako kwa mikono yake. Ulinyamaza. Kwenye barua nzima hukumsema shemeji yako neno zito hata moja, umesema tu kodi inasaidia. Kisha zaidi ya mwaka baadaye unaona vijiti vilivyokatwa kwenye simu, na maneno mazito yanatoka yenyewe: ametolewa nje, amekatwa shingo. Nimejiuliza kama maneno yale yalikuwa ya mwanamke wa Tampere peke yake, au yalikuwa yamekaa kifuani tangu siku ya kikao, yakatokea kwa mtu aliye mbali na mdogo kwako, ambaye ni rahisi kumsema kuliko mkubwa wa ukoo. Huzuni ina haki ya kutoka. Ila aliyeipokea huenda siye aliyeileta.

Sasa njia ulizonazo, nami nitakwambia ninavyoziona na hatari zake, uamuzi ni wako.

Kuupeleka mche Helsinki sioni unachokipata. Kule nako ni baridi na giza lile lile, na safari yenyewe kwenye hewa ya Aprili inaweza kuviua vichipukizi vilivyoanza. Mche ukihamishwa nyumba huwa unaachia majani tena, na binti wa dada yako atakuonyesha vijiti vitupu kama vile vile. Zaidi ya hapo, kwa mwanamke mjamzito ujumbe utakuwa mmoja: mama mkwe amenipokonya. Maneno yanaweza kusahaulika, lakini chungu kilichoondolewa dirishani kitakumbukwa.

Kuurudisha Mwanza ni safari ya vibali pande zote mbili, na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu itataka kujua umebeba nini. Na kama umewaza, ukienda, ufiche vijiti vipya kwenye kanga ndani ya begi kama mzee alivyofunga gazeti, usifanye hivyo. Tangu Disemba 14, 2019 nchi za Umoja wa Ulaya zinadai cheti cha afya ya mimea hata kwa kijiti cha kupanda kilicho kwenye mzigo wa abiria. Utanyang'anywa uwanja wa ndege, ufike kwa mkwe wako umeshavurugika.

Kutumia wazee, labda shangazi yake wa Bukoba na dada yako, ni njia ya heshima na wengi wangeanza nayo. Hofu yangu ni kwamba kwa sasa jambo liko kati ya watu watatu. Likifika kwa koo mbili, litakuwa kubwa kuliko lilivyo, na kila upande utalazimika kumtetea wa kwake. Labda ungeiweka akiba.

Ipo njia ya kumpigia yeye mwenyewe, moja kwa moja, bila kupitia kwa mwanao. Si lazima uanze kwa kuomba radhi kama moyo haujafika huko. Unaweza kuanza kwa kuuliza: "Mwanangu, niliona vijiti vile nikashtuka, nikasema maneno makali. Nieleze mche wa mzee huwa mnaulaza vipi wakati wa baridi, na kwa nini mliukata." Kisha usikilize mpaka amalize. Huenda akalia, huenda akakujibu kwa ukavu, na huenda asipokee mara ya kwanza. Zipo pia familia ambazo neno likishasemwa kwa simu haliponi kwa simu, linataka uso kwa uso. Wewe unamjua, mimi simjui. Kama sauti ni ngumu, ujumbe wa kurekodi si mbaya, kwa sababu atausikiliza akiwa tayari, ametoka zamu na amepumzika.

Ipo ya kwenda, ambayo usiku inakusumbua. Ukienda katikati ya Juni utakuta jua lisilotaka kuzama, zaidi ya saa 19 za mwanga kwa siku, na kama mche uko hai utauona kwenye baraza ukiwa na majani mapya. Utamshika mjukuu. Viza ya kutembelea inakupa siku zisizozidi 90 ndani ya siku 180, muda unaotosha kabisa kwa uzazi. Lakini kwenda na neno hili likiwa halijaguswa kuna hatari yake. Nyumba za kule ni ndogo, mzazi atakuwa hana usingizi, na wewe utakuwa mgeni usiye na pa kutokea ukikasirika. Jambo dogo, namna ya kumwogesha mtoto au uji wa mzazi, litaibeba hasira yote ya chungu. Kama utakwenda, ningetamani mazungumzo yatangulie tiketi, japo mafupi.

Na ipo ya kutokwenda. Usiione ni dhambi, mama wengi hawajaenda na wajukuu wamekua. Ila kabla hujaishika, jiulize kama hutaki kwenda, au unataka waone kwamba hukuja. Uliza pia nani atamshika mkono mkwe wako siku hizo kama mama yake wa Bukoba hawezi kusafiri. Umesema mwenyewe kwamba huna baya la zamani juu yake.

Nilibakisha jambo moja. Umeandika kwamba mche wa Tampere ndio pekee uliobaki. Lakini mistari michache juu yake umeandika kwamba mzee aliyafunga matawi mafungu na kumpa kila aliyepita, majirani, walimu, watu wa jumuiya, mwaka baada ya mwaka. Haibiskasi iliyooteshwa kwa kijiti ni mti ule ule, haichanganyiki kama iliyooteshwa kwa mbegu. Ua litakuwa jekundu lile lile, na ulimi ule ule. Sasa mafungu yale yalikwenda wapi? Ninaamini ukitembea Pasiansi, ukapita shuleni na kwa wanajumuiya, utakuta uzio wa mume wako umesimama kwenye viwanja vya watu ambao hawajui kwamba kwako umeng'olewa. Wengi watafurahi kukukatia. Chagua tawi lililokomaa kiasi, unene wa penseli, urefu wa shibiri moja, ondoa majani ya chini, lichomeke kwenye udongo laini wenye kivuli na usiruhusu ukauke. Baada ya mwezi mmoja au miwili litakuwa na mizizi. Kama nyuma ya fremu hakuna nafasi, chungu kinatosha, na hapo una haki ya kumwomba shemeji yako hata hatua mbili za ardhi. Kumwomba huko kunaweza kukufungulia mazungumzo ambayo siku ya kikao hukuyapata. Au kunaweza kuleta ukimya mwingine. Utapima.

Kuhusu muda: kwa mwanao jibu la safari ndilo lenye haraka, kwa sababu maombi ya viza kwa kawaida huchukua siku 15 tangu kupokelewa, na yakihitaji uchunguzi yanaweza kufika 45. Ukitaka kuwa huko Juni, mwezi huu usiishe hujamwambia ndiyo au hapana. Simu kwa mkwe wako haina tarehe. Na vijiti vya kwa jirani vinataka masika, ambayo hapa kwetu haipiti sana mwezi wa tano, kwa hiyo kama utakwenda kuomba, nenda wiki hii.